Mafuta ya Nguruwe Uvunguni mwa Pikapu

Jumamosi, 16 Novemba
Theluji ya kwanza. Lori la kaunti limeshapita likimwaga chumvi ya kuyeyusha barafu barabarani. Chumvi, adui wa chuma! Marlys alipopanda pikapu yetu, buti lake likatoboa sakafu na kugusa theluji. Mke wangu hakupiga kelele. Alisema tu, kwa upole unaotisha, kwamba ikitoboka tena kabla ya kiangazi, pikapu inakwenda kwa mnunuzi wa vyuma chakavu. Pikapu ya marehemu baba!

Jirani Gunnar alichungulia uani. Akanishauri nioshe uvungu kwa maji moto, nisubiri ukauke, kisha nipake mafuta ya kuzuia kutu, kama yeye. Kama yeye! Gari lake linang'aa kama kipara chake. Nikamwambia nina njia yangu.

Jumapili, 17 Novemba
Njia yangu: mafuta ya nguruwe. Marlys huyahifadhi koponi kila akikaanga nyama ya asubuhi. Nimeyayeyusha, nikalala chali gerejini, nikapaka uvungu wote kwa brashi. Sikuosha kwanza. Kuosha ni kupoteza wakati. Tone moja liliniingia mdomoni. Tamu.

Jumanne, 19 Novemba
Mbwa! Mtaa mzima! Nilipotoka dukani walikuwa wamejipanga chini ya pikapu, wanalamba. Mbwa wa mchungaji wa kanisa letu alinifuata hadi nyumbani, akakataa kuondoka. Gunnar akaniita kwa sauti iliyosikika hadi ziwani: "Urho, ndugu yangu, hilo gari unaliendesha au unalikaanga?"

Nilicheka naye. Moyoni nilikuwa nachemka.

Alhamisi, 21 Novemba
Wazo la kifalme. Gunnar alipoingia kunywa kahawa, nilipaka mabaki ya mafuta kwenye magurudumu yake. Mbwa wahamie kwake!

Ijumaa, 22 Novemba
Gunnar ameosha gari. Eti huosha kila Ijumaa. Mtu wa aina gani huosha gari kila Ijumaa?

Jumamosi, 23 Novemba
Maafa. Kicheche aliingia uvunguni mwa pikapu yangu kulamba. Mbwa wakamvamia. Kicheche akajitetea kwa namna anayoijua yeye: akaturushia uvundo wake. Nasi tulikuwa ndani ya gari, tumevaa nguo za karamu ya kanisa! Marlys akasema tuende hivyo hivyo, kwa sababu yeye ndiye aliyeoka mikate. Tulipoingia, meza nzima ilihama. Mchungaji alifupisha sala. Tukiwa njiani kurudi, buti la Marlys lilitoboa sakafu upande wa pili.

Jumapili, 24 Novemba
Mnunuzi wa vyuma ameshapigiwa simu. Nilikaa ndani ya pikapu nikishika usukani wa baba, pua nimeziba, macho yakinitoka machozi. Si kwa harufu tu.

Gunnar akaja na mashine ya kuchomelea. Alikwangua mafuta, akanionyesha jinsi yalivyofunika chumvi na unyevu, kutu ikala kwa raha zake. Akachomelea bati jipya. Akamwambia Marlys, "Shemeji, mpe nafasi moja." Marlys akampa. Gunnar akaniachia kopo zima la mafuta yake.

Jumatatu, 25 Novemba
Mtu mwema, Gunnar, lakini hana ubunifu. Kopo lake nimelitumia kuzuilia mlango wa gereji. Nimetafakari sana: kosa lilikuwa nguruwe. Kinachotakiwa ni asali. Inanata, haiozi, na dubu wapenda asali wote wamelala hadi theluji iishe.