Hamira Haigawanyiki

Jumatatu, 18 Agosti

Mina anarudi Ijumaa! Koplo Mina, mke wangu, baada ya miezi yote ile ya kulinda amani kwenye nchi za watu. Alhamdulillahi. Nimeruka mpaka nimegonga kichwa kwenye fremu ya mlango.

Kisha kwenye simu akasema anachotaka kula. Si pilau, si kuku wa kupaka. Anataka mkate wa kumimina wa mama yake.

Balaa. Mama mkwe wangu, Bi Tatu, alifariki mwezi wa Ramadhani na Mina hakuweza kuja kumzika. Siku ile alilia kwenye simu. Nikamwambia asihuzunike, mama alinifundisha mkate wake kabla hajafa, mwanzo mpaka mwisho. Akanyamaza kulia. Nikajiona mume bora.

Mama hakunifundisha kitu. Mkwe gani wa kiume anakwenda kukaa jikoni kwa mama mkwe? Mimi nilikuwa barazani nikisubiri uletwe, nauchovya kwenye mchuzi mpaka unazama. Ladha yake yenyewe sikuwahi kukutana nayo.

Na kota yetu ya jeshi ina desturi yake. Askari akirudi kutoka mbali, kila nyumba inaleta sahani imefunikwa kawa. Lakini tonge la kwanza lazima litoke jikoni kwake mwenyewe, na watu wote wanaangalia. Wote! Mimi ni fundi friji. Nayajua mambo ya baridi. Ya moto siyajui.

Jumanne, 19 Agosti

Ashatu, mke wa Sajini Msabaha, nyumba ya pili. Mkate wake unasifiwa mpaka Makurunge. Tangu Mina aondoke ananiletea chakula, maana hapa nyumba ya askari aliye safarini haiachwi ikalala njaa. Mimi nakihamishia kwenye sahani zetu, nakipiga picha, namtumia Mina: leo nimepika hiki. Si uongo mkubwa. Kimepikwa, ni leo, na mimi nipo.

Kumwomba anifundishe? Katu. Huniita Mke wa Koplo mbele ya watu dukani. Nikimwambia asubuhi, adhuhuri kota nzima inajua.

Nimeamua kuiba ujuzi. Nimepanda juu ya friji la mteja kuchungulia uani kwake. Nimeona mchele uliorowekwa, nimeona nazi inakunwa. Ilipofika zamu ya hamira friji likainama, ua wa makuti ukalala, na mimi nikaingia kwenye beseni lake la nguo. Ashatu hakushtuka. Aliniuliza kama Mke wa Koplo amekuja kufua.

Nimefua. Ningesema nini?

Jumatano, 20 Agosti

Hila mpya, na hii haina kuanguka. Nimekwenda kwa Mzee Shuaibu, upande wa Mbegani. Shikamoo. Marahaba. Huyu ni mpishi mstaafu wa jeshi, amekaa miaka na miaka chini ya baba yake Mina, Afande Mikdad, Allah amrehemu, aliyekuwa mkuu wa jiko. Amekubali kunifundisha na amekula kiapo cha siri.

Tatizo ni moja. Mzee hajawahi kupikia watu chini ya mia. Aliniuliza napikia kombania ngapi. Nilipomwambia mwanamke mmoja, alinitazama kwa huruma na kuniuliza kama nimepatwa na msiba.

Tukaanza kugawanya kwa mia. Gunia la mchele likawa vibaba viwili. Nazi za kujaza toroli zikawa nazi moja na kipande, kipande tumekila. Sukari, iliki, sawa. Tulipofika kwenye hamira, mzee akatoa kikombe chake cha bati cha jeshi. Hamira hupimwa kwa hiki, akasema, na kikombe hakigawanyiki kwa mia. Nimembembeleza kwa chai na vitumbua mpaka akashuka hadi robo kikombe. Chini ya hapo ni kuidharau hamira. Ndivyo Afande Mikdad alivyowafundisha. Nani mimi wa kubishana na jeshi?

Alhamisi, 21 Agosti

Rojo la mkate linataka joto na mahali pasipo na upepo, ndipo liumuke. Akili yangu ikafanya kazi! Friji bovu la mteja wangu Bwana Adamu liko bandani kwangu, bati juu, joto la kutosha, mlango unafunga vizuri. Nikatia sufuria humo, nikaenda zangu msikitini.

Narudi alasiri, mlango wa friji umejifungua wenyewe. Rojo limeshuka rafu zote, limetambaa sakafuni, limefika kwenye kandambili za Bwana Adamu, aliyekuja kuangalia kazi yake imefikia wapi. Nikamwambia ni gesi ya kisasa. Akauliza mbona gesi inanukia iliki.

Lililobaki nimelimimina sufuriani, nikapalia makaa juu ya mfuniko. Mkate umetoka umevimba upande mmoja, una matundu ya kupitisha kidole, na unanuka uchachu kama togwa lililosahauliwa. Nimeuonja. Jicho la kushoto lilifumba lenyewe.

Nimekaa jikoni nimejiinamia. Watu watanicheka, wacheke, nimezoea. Nilikuwa naufikiria uso wa Mina. Mazishi ya mama yake aliyakosa. Sasa na mkate ataukosa, tena kwa sababu yangu mimi niliyemwahidi. Nampenda yule mwanamke, na sina cha kumpa ila maneno.

Kisha nikapata wazo. Kesho Ashatu ataleta mkate wake. Nitaupokea mlango wa nyuma, nitauhamishia kwenye sinia letu. Kazi hii naijua. Wangu nimeufunga kwenye kitambaa na kuusukuma uvunguni.

Ijumaa, 22 Agosti

Amefika. Amekonda, jua limemchoma, kofia imemkaa vilevile upande. Nilikuwa nimejiandaa kumpigia saluti ya kuchekesha. Mkono ulifika njiani nikaanza kulia. Akaniambia, "Baba Samia, na mimi nimekukumbuka." Binti yetu Samia, aliyepewa ruhusa bwenini kwake Lugoba, akatukumbatia wote wawili.

Baada ya swala watu wakajaa. Sinia likaja. Mina akala tonge la kwanza, akatafuna taratibu, akasema mkate ni mtamu, Mungu ambariki Ashatu.

Ashatu akaanza kukohoa.

Mina hakukasirika. Alisema kila picha niliyomtumia ilitanguliwa na aliyotumiwa na Ashatu mwenyewe, chakula kilekile kwenye sahani nyingine. Miezi yote! Kisha akauliza wa kwangu uko wapi. Nikasema sina. Akanusa. Akaenda moja kwa moja chumbani, akapiga goti, akauvuta kutoka uvunguni, akarudi nao kwa watu.

Akafungua kitambaa. Akaukata, akala kipande, machozi yakamshuka. Nikamwaga yote palepale mbele za watu: mama hakunifundisha, nilidanganya ili usilie, ni Mzee Shuaibu, ni kile kikombe chake!

Mina akacheka huku analia. Kikombe cha bati, akasema, ndicho hichohicho. Mama yake alifundishwa mkate huu na mumewe, Afande Mikdad, na alipima hamira kwa kikombe cha jeshi mpaka alipokufa. Nyumba nzima walikula mkate mchachu miaka yote na hakuna aliyethubutu kusema. Alidhani uchachu ule umezikwa na mama.

Ashatu akaomba aonje. Akakunja uso, akajifuta macho kwa kanga, akaomba kipande kingine. Tukamsomea Bi Tatu fatiha, kila mtu na kipande chake mkononi. Mzee Shuaibu alikula vitatu na kusema hamira ingeongezwa kidogo.

Watu walipoondoka Mina alinishika mkono. Ameniomba jambo moja tu. Nisimdanganye tena ili kumfurahisha. Nikiwa siwezi kitu, niseme siwezi, hilo litamtosha. Nimeapa, na nimeapa kwa moyo wangu wote.

Jumapili, 24 Agosti

Nimetafakari siku mbili na nimeelewa: mimi ni mpishi. Tena wa kurithi.

Leo Mina yuko bafuni, simu yake ikalia. Kapteni wake! Habari za mkate zimemfikia. Maulidi ya kotani yanakaribia na kombania nzima inahitaji mkate wa kumimina, anatafuta mtu anayeujua. Nikamwambia amempata. Nikamwambia nilifundishwa na Bi Tatu mwenyewe, mwanzo mpaka mwisho.

Mina alipotoka akauliza nani alipiga. Nimesema wamekosea namba.

Nimekwenda mbio kwa Mzee Shuaibu. Amelia kwa furaha, akakisugua kikombe mpaka kikang'aa. Watu mia! Safari hii hakuna cha kugawanya. Limebaki suala dogo tu la mahali pa kuumulia rojo, nalo nimeshalitatua. Bwana Adamu ana friji jingine bovu.