Wimbo wa Kisimani Usikatwe

Jumatatu, 5 Machi 1956
Mwanangu Lettie kaota jino! Ila habari kubwa si hiyo. Studio wamemaliza ule mchezo wa jukwaani waliougeuza filamu, Mavuno ya Tufaha. Alhamisi wanaionyesha Pasadena kuwapima watazamaji. Wimbo wa kisimani naimba mimi. Nyota anafumbua mdomo tu, sauti ni yangu. Jina langu halitatajwa, sawa. Lakini nasikia filamu ni ndefu mno na wimbo huo huenda ukakatwa. Sauti yangu jalalani! Nami nataka Lettie akikua aisikie.

Jumanne, 6 Machi
Jirani yangu Opal aliuona mchezo wenyewe New York. Basi hatupumui. Leo akianika nguo kasema jukwaani watu waliimba jasho likiwatoka, kwenye filamu hata matufaha yatakuwa ya nta. Hajaiona bado! Nikamwambia jukwaani hakuna shamba zima na farasi. Akasema farasi hawaimbi. Nimemwalika Alhamisi. Nahitaji watu.

Jumatano, 7 Machi
Nimeng'amua jambo. Wakubwa wa studio hukaa safu ya nyuma kabisa, wakiangalia ni wimbo gani unaowainua watu kwenda kununua bisi. Wakiinuka wengi, unakatwa. Mpango: nijaze majirani ukumbini, niwashibishe kwanza. Aliyeshiba bisi za nini? Nyama ya nguruwe na maharage, sufuria mbili. Mume wangu Merle kauliza mbona nyama ina chumvi hivi. Nikamwambia ale.

Ijumaa, 9 Machi
Jana! Filamu ni nzuri, tena ni mbaya. Dansi ya ghalani, kamera inapaa juu, sketi zinafunguka kama maua. Jukwaani utaweza wapi? Hata Opal alisogea ukingoni mwa kiti. Lakini shujaa anaimba kama mtu anayesubiri basi. Na matufaha ni ya nta kweli. Opal kanifinya.

Kisha kisimani. Wimbo wangu. Ndipo chumvi ikafanya kazi yake. Majirani, safu nzima, wakainuka kutafuta soda. Nikawavuta makoti. Wapi! Wakubwa kule nyuma wanaandika tu. Nikajua nimejimaliza mwenyewe.

Lettie, mapajani, aliisikia sauti. Akanitazama mdomo, umefungwa. Akaitazama skrini. Akanyoosha kidole kwa yule nyota. "Mama!"

Ukumbi mzima ukacheka. Akarudia kila ubeti. Majirani waliokuwa wakitoka wakaganda mlangoni, wakasikiliza mpaka mwisho. Opal kafuta macho kwa kitambaa. "Hapa, bibie, wamewashinda wa jukwaani," kaninong'oneza. "Ila usimwambie mtu nimesema."

Jumamosi, 10 Machi
Studio wamepiga simu. Wimbo umebaki! Beti mbili zimekatwa, mmoja umesalia. Merle kaninyanyua, kanizungusha jikoni, Lettie anapiga makofi. Kisha kasema, kwa upole wake, ile ilikuwa bahati, mama Lettie, mipango yako ndiyo iliyotaka kukuponza, sasa yatosha. Nimekubali kwa moyo wote.

Ila Jumatatu wanaionyesha tena, Glendale. Mtoto mmoja kaokoa ubeti mmoja. Nimeazima wanne kwa majirani. Tangu asubuhi nawaimbia wimbo wa kisimani, wajifunze kuniita Mama. Watatu wamelala. Wa nne ananiita Baba. Bado tuna kesho.