Taa Nyekundu za Gari la Babu

Jumanne, 21 Julai

Nimekwisha. Nimeliua gari la Babu.

Ngoja niandike taratibu. Babu yuko hospitali, wamembadilishia goti. Kabla hajaondoka alinikabidhi ufunguo wa lile gari lake jekundu la spoti, la viti viwili, lenye umri mkubwa kuliko mama yangu mdogo. Analipenda kuliko sisi wote. Amri ilikuwa moja: pangusa vumbi, usiwashe. Nikilitunza vizuri, nikifikisha miaka kumi na minane ni langu. Nikizembea, linakwenda kwa binamu yangu Elmar. Elmar! Anayekula tufaha garini na kusukumia masalio chini ya kiti.

Na mimi nimetii. Sijawasha. Nimezungusha ufunguo kidogo tu, injini haikutoa hata kikohozi. Nilitaka kuinua taa za mbele, zile zinazochomoza kama macho ya chura, kwa sababu Verena wa duka la mikate alikuwa anapita. (Hakutazama.) Kuangalia dashibodi: taa nyekundu ya betri! Nyekundu ya oili! Ya njano yenye picha ya injini! Zote zinanikodolea macho. Jasho likanitoka mpaka kwenye vidole. Nikazima, nikafunga banda, nikaenda kula. Sikusikia ladha ya chochote.

Jumatano, 22 Julai

Zingali zinawaka. Kila nikizungusha ufunguo, hizo hapo.

Nimesoma kitabu cha gari. Nyumbani tunasema Kiladini, lugha ya mabonde yetu ya milimani, lakini shuleni tunasomeshwa kwa Kitaliano na Kijerumani, na walimu husema huo ni utajiri. Haya. Kwa Kitaliano: taa nyekundu ikiwaka, simamisha gari mara moja. Kwa Kijerumani: simamisha gari mara moja. Nimeogopa mara mbili. Gari lenyewe limesimama bandani tangu mwezi wa sita! Lisimame vipi tena?

Nimemuuliza Elmar kwa ujanja. Nikasema ni shida ya rafiki yangu wa shule. Elmar kapata leseni ya pikipiki majuzi, kwa hiyo sasa ni profesa. Akasema ya njano ni homa, nyekundu ni mochwari. "Mwambie huyo rafiki yako aanze kuchimba." Kisha akauliza mbona rafiki yangu anatokwa jasho juu ya mdomo wangu.

Alhamisi, 23 Julai

Mpango wa kwanza. Jumapili ni baraka ya magari. Padri Iarone husimama mbele ya kanisa, magari ya kijiji yanapita moja moja, naye anayanyunyizia maji. Babu hutangulia kila mwaka. Anarudi keshokutwa makusudi kwa ajili hiyo! Nikawaza: kwa nini gari lisubiri Jumapili? Nikachota maji ya baraka kwenye kibakuli cha ukutani, pale mlangoni kwetu, nikayamwaga kwenye dashibodi.

Taa hazikuzimika. Kitu ndani kikasema tsss.

Jioni Bibi akachovya kidole kwenye kibakuli, kikavu. Akauliza nani kayanywa maji ya baraka, au humu ndani siku hizi tunaishi na mbuzi. Nikasema ni joto, yamekauka yenyewe. "Joto!" akasema Bibi, shali mabegani.

Ijumaa, 24 Julai

Mpango wa pili, wa kisayansi. Taa ni kama mtoto anayelia: ukimbembeleza anazidi, ukimwacha anachoka. Asubuhi nimezungusha ufunguo, nikainua na yale macho ya chura, nikaziacha zote ziwake. Nikaenda na Bibi mlimani kugeuza nyasi zilizokatwa, zikauke.

Niliporudi zilikuwa zimefifia! Nyekundu imekuwa kama kaa la mwisho jikoni. Nimetetemeka kwa furaha. Au kwa hofu, kwangu zinafanana. Naziacha hivyo hivyo mpaka kesho.

Jumamosi, 25 Julai

Giza! Hakuna inayowaka! Nimeliponya gari bila fundi!

Kasoro ndogo: macho ya chura hayashuki. Nimeyafunika kwa shuka.

Babu amefika na magongo mawili. Kabla ya kuvua kofia akauliza gari halijambo? Nikamwambia halijambo kabisa, Babu, nikizungusha ufunguo haiwaki taa hata moja.

Akanitazama. "Hata moja?"

Hata moja, Babu.

Akaomba kiti.

Jumapili, 26 Julai

Babu kazungusha ufunguo. Kimya. Hata kli hakuna. Elmar akaegemea mlango akasema nimfikishie pole rafiki yangu wa shule.

Babu hakupandisha sauti. Afadhali angepiga kelele. Alisema taa zile huwaka kila unapozungusha ufunguo, kabla injini haijanguruma. Gari linakuonyesha kwamba balbu zake ni nzima. Injini ikishika, zinazimika. Hazikuwa na ugonjwa. Betri nayo ilikuwa nzima, mpaka nilipoikamua tone la mwisho.

Lakini Babu akose baraka? Haiwezekani. Akapanda na kofia yake ya sherehe, mimi na Elmar tukasukuma mpaka kanisani, kijiji kizima kikitupigia honi nyuma. Verena safari hii alitazama. Padri Iarone akainua kinyunyizio, akauliza injini iko wapi, mzee?

"Ziko mbili huko nyuma, padri. Moja mbovu."

Tulipofika nyumbani Babu akanyoosha mkono. Nikampa ufunguo. Akampa Elmar, mpaka atakaposema vingine. Elmar akauzungusha kidoleni. Nikaenda kukaa na ng'ombe.

Jumatatu, 27 Julai

Babu hana kinyongo. Kanipa nitunze mashine ya kukatia nyasi. Niioshe tu, nisiguse kingine. Ikifika vuli iko salama, tutazungumza tena habari ya gari. Bado nina nafasi!

Na sasa nimeelewa: chombo kizima huonyesha taa zake. Nimeamka alfajiri nikaikagua mashine mbele, nyuma na chini. Haina taa hata moja! Zimekufa zote. Babu asijue.

Nimeshaanza kufungua skrubu.