Makopo Sita ya Namba 47

Jumatatu, 3 Juni

Siku ya kumi na nane bila tone la maji. Kunde zangu, Namba 47, bado zimesimama wima na maganda yameanza kukauka. Za kawaida, nilizozipanda kando yake za kulinganishia, ziko hoi. Miaka tisa ya kuhangaika na jeni moja ya kuhimili ukame! Ijumaa mchana mkurugenzi anapita kuamua nani apewe shamba la majaribio: mimi, au Darubini (jina nimempa mimi), mama wa mahindi tunayepakana naye meza maabara. Atakayekosa anafunga mradi.

Darubini kachungulia tena kwenye kitalu changu. Eti kunde zimependeza. Eti nimekula? Kikulacho ki nguoni mwako! Nikamjibu nimeshiba. Kisha nikala mkate mkavu, peke yangu, nyuma ya jokofu la sampuli.

Jumanne, 4 Juni

Dawa yake nimeipata. Nimebadilisha lebo! Makopo sita ya Namba 47 sasa yanasomeka "kawaida", na yale ya kawaida yanasomeka "47". Akija kuiba, ataiba takataka. Ijumaa asubuhi narudisha kila lebo mahali pake. Mbegu za akiba sina hata moja. Nilizipanda zote zisije zikaibwa stoo. Mtu mzima hatishiwi nyau.

Nilitamani sana kumsimulia mtu. Nikazisimulia kunde.

Jumatano, 5 Juni

Homa. Kichwa kinagonga. Kitanda hiki ni kikubwa mno kwa mtu mmoja. Mama watoto aliondoka mwaka wa nne wa utafiti. Alisema ningempenda nusu ya ninavyozipenda kunde, angebaki.

Binti yangu kapiga simu toka chuoni. Kauliza nani ananiuguza. Nikasema wenzangu wa kazini wamejaa sebuleni. Kauliza mbona hawasikiki. Nikasema wana adabu.

Ijumaa, 7 Juni

Jana hata kalamu sikuweza kushika. Leo nimejikokota niende nikarudishe lebo. Nimefika mlangoni, miguu ikagoma. Mara hodi! Darubini. Kumbe binti kampigia! Akasema kupitia mlangoni kwamba kaniletea uji, na nisihangaike, kamsihi mkurugenzi asiniruke, akazikague kunde zangu hata kama sipo.

Yeye anitetee mimi? Kwa lipi? Nikajibana nyuma ya mlango, kimya, mpaka akaenda zake. Uji kauacha kizingitini. Ulikuwa wa moto bado, mtamu. Nimelia kidogo. Ni homa tu.

Jumatatu, 10 Juni

Nimerudi kazini. Mkurugenzi alikuta "47" zimekufa zote na "kawaida" ziko kijani. Kanipa pole, kanishika bega. Shamba limeenda kwa mahindi.

Nikakimbilia kitalu. Makopo ya "kawaida" matupu! Msafishaji kasema utaratibu ni uleule, jaribio likiisha mimea ya kulinganishia inang'olewa. Kampa mlinzi. Mlinzi kasema mbuzi wake hajawahi kufurahi vile.

Miaka tisa, kifungua kinywa cha mbuzi! Na kusema siwezi. Mtafiti anayebadilisha lebo anafukuzwa, tena kwa haki. Nimekaa kitalu mpaka jioni, nikiyatazama makopo.

Jumanne, 11 Juni

Darubini kaja mezani kwangu na bahasha. Kasema zile kunde za kawaida zilizokaa siku ishirini na mbili bila maji zimemnyima usingizi, kwa hiyo alichuma ganda moja kabla hazijang'olewa. Mbegu saba! Kasema tuzichunguze pamoja, kona ya shamba lake inatosha. Na kuanzia kesho nile naye, maana kula nyuma ya jokofu si maisha. Kumbe alikuwa ananiona siku zote.

Nilitaka kumwambia. Wallahi maneno yalishafika mdomoni. Halafu nikashtuka: saba tu? Ganda la 47 huwa na mbegu kumi na tano. Nane ziko wapi? Aa, mjanja huyu! Nikamwambia hizo ni za kupikia tu, nikazitia mfukoni, nikamshukuru.

Mchana nimekula nyuma ya jokofu lingine.

Jumatano, 12 Juni

Safari hii hakuna lebo kabisa. Lebo ndizo zilizoniponza. Mbegu zangu saba nimezichanganya na kunde za kupikia, kwenye kopo kubwa la jikoni kwangu. Mwizi aje! Mimi nazijua kwa macho.

Na furaha haiji peke yake. Binti kapiga simu: kaomba ruhusa chuoni, kesho anakuja kunipikia, kasema baba amekula peke yake vya kutosha. Nimefurahi mpaka nikafagia nyumba nzima. Atafika mimi niko kazini, kwa hiyo nimemwambia ufunguo uko chini ya zulia la mlangoni, na chochote atakachokikuta jikoni ni chake.