Picha ya Mvivu Ukutani kwa Bibi Mwamini

Mwaka 1949 Serikali iliwatangazia watu wa Kisarawe, kwa furaha kubwa, kwamba kuta zao zilikuwa zimekaa muda mrefu bila kazi. Kuanzia sasa kila ukuta unaotazama barabara utafundisha maendeleo kwa picha. Ukuta utakaokataa kufundisha utabomolewa, pamoja na nyumba yake.

Mimi, karani wa Idara ya Kuta, nililisoma tangazo hilo sokoni mara mbili, kwa kuwa mara ya kwanza watu walicheka.

Mkuu wetu alikuwa Mzungu wa kiko na kofia ngumu, aliyeletwa kutoka Dar es Salaam. Watu walimwita Bwana Kuta. Alikuwa mtu wa mpango. Kamati yake ilikaa wiki sita kuamua kama jembe lichorwe kulia au kushoto, ikapitisha lichorwe katikati, ili Serikali isionekane ina upande.

Ukuta wa kwanza ulikuwa wa Bibi Mwamini, mjane aliyekaa mkabala na ofisi yetu. Kila mwaka kabla ya Maulidi aliusiliba kwa udongo mweupe, kisha akauchora maua kwa udongo mwekundu. Nikampelekea amri.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Nani kafa?"

"Hakuna. Unatakiwa uchore Mtu wa Bidii na Mtu Mvivu, ndani ya siku saba. La sivyo nyumba inavunjwa."

"Nyumba aliyoniachia marehemu! Maua yangu yamewakosea nini?"

"Hayafundishi, bibi."

"Haya, nitachora. Lakini uso sichori. Siku ya Kiyama nitaambiwa niutie roho, nitaitoa wapi?"

Nami namwogopa Mungu. Nikaandika: 'Picha zisiwe na sura, ili kila mvivu apate kujitambua.' Bwana Kuta akapendezwa, akatia sahihi. Akaongeza kwa mkono wake kwamba wachorwe watu halisi walioonekana kwa macho, maana Serikali haisemi uongo, na kwamba picha isifutwe ila kwa maombi ya aliyechorwa.

Mtu wa Bidii alipatikana upesi. Alikuwa Tatu, jirani wa Bibi Mwamini, aliyekuwa akitwanga. Mvivu ndiye aliyetutaabisha. Bibi Mwamini alizunguka mji mzima akiuliza.

"Mashaka, si husemwa wewe ni mvivu?"

"Mimi?" akajibu Mashaka, mkwezi wa minazi, akiwa juu kabisa. "Tangu alfajiri huu mnazi wa kumi na tisa! Nenda kwa Maneno, hata mkewe atakushukuru."

Maneno alikuwa barabarani na sururu. "Leo nachimba barabara ya Serikali kwa amri, bibi. Ungekuja jana."

Siku ya sita, saa saba mchana, Bibi Mwamini alirudi amechoka, akaketi kizingitini, akainua macho kutazama dirisha la ofisi yetu lililokuwa wazi.

Kesho yake picha ilikuwa tayari. Upande mmoja Tatu anatwanga, ametupa kisogo. Upande wa pili, viatu viwili juu ya meza. Kaptula iliyopigwa pasi. Tumbo. Kiko mkononi kinafuka moshi. Kofia ngumu ilikuwa imeshushwa hadi kidevuni, kwa hiyo uso haukuhitajika.

Bwana Kuta alikuja kukagua. Watu walikuwa wamejaa.

"Huyu nani?"

"Mvivu, Bwana," akasema Bibi Mwamini.

"Mvivu gani?"

"Mimi jina lake sikuuliza. Alikuwa amelala."

"Kama unamjua, mtaje, Bwana!" Mashaka alipaza sauti kutoka nyuma. "Tumpe pole!"

Bwana Kuta akawa mwekundu kuliko udongo wa Bibi. "Futa! Futa sasa hivi!"

Nikafungua kitabu cha amri, nikachovya kalamu. "Ndiyo, Bwana. Kwa kanuni yako, picha hufutwa kwa maombi ya aliyechorwa. Niandike jina la nani?"

Aliutazama ukuta. Akawatazama watu. Mbuzi akalia.

"Andika ukuta umefaulu," alisema polepole. "Nyumba isiguswe."

Nikaandika, nikapiga mhuri, nikampa Bibi Mwamini nakala yake.

Tangu siku ile Bwana Kuta hufanya kazi amesimama, maana kila akisogelea kiti, wapita njia husimama kumlinganisha na picha. Juzi aliomba likizo kwa sababu ya miguu. Ombi lake nimelipokea nikiwa nimeketi kwenye kiti hicho, ili kisikae bure, na litashughulikiwa kwa zamu, inshallah.