Mkaguzi Aliyegonga Mara Mbili

Mkaguzi wa majumba alikuwa na kila kitu cha kazi yake isipokuwa kazi yenyewe. Alikuwa na kofia ngumu ya njano, pima maji, futi ya chuma, tochi kubwa, na muhuri wa duara uliomgharimu kuliko vyote hivyo. Kukagua alikuwa hajawahi. Aligonga ukuta mara mbili, akatega sikio, akasikitika kidogo, na wateja wakalipa. Mtu anayenunua nyumba huogopa sana kuuziwa mbuzi kwenye gunia, na mwenye hofu haulizi ukweli, anauliza muhuri uko wapi.

Siku hiyo alikodiwa na muuza matairi aliyekuwa akiitaka nyumba ya mjane mmoja. Mkaguzi aliingia sebuleni, akaona madirisha mapana na sakafu ya vigae vyeupe, na kwa mara ya kwanza katika utumishi wake uliotukuka akaitazama nyumba kwa dhati. Akaitamani. Mkewe alikuwa kwao mwezi wa tano sasa, amechoka kuhama na magodoro kila mwenye nyumba akipandisha kodi, na ameapa hatarudi mpaka wapate mlango wao wenyewe. Mkaguzi alimpenda mkewe. Hilo tumpe, maana ndilo jambo pekee aliloliamini bila kulipigia muhuri.

Basi akagonga sakafu kwa kisigino, mara mbili.

"Umesikia?" akamuuliza muuza matairi.

"Sijasikia kitu."

"Ndiyo hatari yenyewe, mzee. Hapa chini pana shimo. Siku moja utakaa na wageni wako hapa, mazungumzo mtayamalizia chini ya ardhi."

Akayaandika yote kwa mwandiko wa kupendeza: shimo chini ya sebule, maji kwenye msingi, na ukurasa wa pili, mchwa kwenye mbao za paa. Muuza matairi alimshukuru kwa kumwokoa, akaondoka bila hata kumuaga mwenye nyumba.

Kesho yake mkaguzi alirudi peke yake, kofia kaiacha nyumbani, huruma kaivaa usoni. Mjane, ambaye marehemu mumewe alikuwa fundi muashi na ndiye aliyeijenga nyumba ile, alimkaribisha chai.

"Mama, kwa ripoti hii hutapata mnunuzi," alisema mkaguzi. "Lakini na mimi nimezaliwa na mama. Niuzie kwa nusu bei, hasara niibebe mimi."

"Na shimo je, mwanangu?"

"Shimo niachie mimi."

Mjane alifuta macho. Alikuwa na ombi moja tu: kwa kuwa hapendi kumdhulumu mtu, ripoti ile ibanwe pamoja na mkataba mbele ya wakili, na mnunuzi aandike kwa mkono wake kwamba yote yaliyomo anayajua na ameyakubali. Mkaguzi alijibana asicheke. Aliandika, akatia saini, na kwa furaha akapiga muhuri mara tatu. Akiba yake yote ikaenda hapo, na pikipiki aliyoiuza juu yake.

Jumamosi akahamia. Alimpigia mkewe simu, akamwambia afungashe. Wachukuzi wakaingiza kabati la vyombo, lile ambalo mkewe alilipenda kuliko ndugu zake, wakalitua katikati ya sebule. Vigae vikalia. Kabati likainama taratibu, likazama mpaka kwenye droo za juu.

Mkaguzi alikimbia hadi mtaa wa pili, kwa dada wa yule mjane, alikohamia mama huyo.

"Mama, pana shimo."

"Lipo. Marehemu alijenga juu ya choo cha zamani. Kujenga alijua, kufukia alikuwa mvivu."

"Kumbe ulijua?"

"Mwaka jana alikuja mkaguzi mwingine, akahangaika siku tatu na vyombo vyake ndipo akaliona. Tangu hapo nafsi inanisuta, sijui nitamwambiaje mnunuzi. Ukaja wewe, ukagonga mara mbili tu. Shimo ukaliona, maji ukayaona, mchwa ukawaona. Nikasema huyu si mkaguzi, huyu ni nabii."

"Nitakushtaki."

"Nenda, mwanangu. Na ile ripoti usiisahau, ina muhuri mzuri."

Alirudi akitembea polepole, akiufikiria ukurasa wa pili. Mkewe alikuwa ameshafika. Alisimama ukingoni mwa shimo, begi mkononi, akilitazama kabati lake.

"Mume wangu," akasema, "kabla ya kununua ulimwita mkaguzi?"

"Nilimwita."

"Akasemaje?"

"Alisema pana shimo."

Mkewe akaliweka begi begani.

"Mkaguzi mzuri," akasema, akigeukia mlangoni. "Ungemsikiliza."