Mwanamke Mmoja Anatakiwa Gazetini

Jumatatu, 6 Mei 1996

Barua kutoka Dar! Imekuja na basi la asubuhi. Nilidhani ni pongezi. Kumbe mhariri mpya, Mama Justa, amekaa akahesabu watu wote waliosema kwenye habari zangu tangu mwaka jana. Sitini na mmoja. Wanaume sitini na mmoja! Anauliza kama Ifakara wanawake walishahama.

Anataka ukurasa mzima wa msimu wa mpunga, wasemaji wawe wanawake wanaoulima, na picha juu. Ufike Dar kabla ya tarehe 15. Usipofika, uwakilishi wa gazeti hapa Kilombero anapewa mtu mwingine.

Uwakilishi wangu! Mimi Marselino, bila kile kitambulisho cha gazeti, ni mwenye baiskeli tu kama wengine. Nikiwa nacho, mikutanoni napewa soda kabla ya diwani.

Haya yote ni mambo ya Beijing. Wanawake walikwenda huko mwaka jana kukutana, na anayeumia ni mimi niliyebaki Mlabani kwa amani zangu.

Jumanne, 7 Mei

Kazi ya kutwa nzima. Nimekusanya maoni kuhusu wanawake na mpunga kwa watu wanne wazito: katibu kata, fundi baiskeli, mzee wa kanisa na mwenye mashine ya kukoboa. Wote wamewasifu wanawake sana. Fundi baiskeli alitokwa na machozi. Nikaridhika.

Jioni nikamsomea Yoramu, mpiga picha wa hapa mtaani, anayenionea wivu tangu nipate kitambulisho. Alicheka mpaka akashika ukuta. Akasema wote wanne ni wanaume. Nikamjibu kwamba wanazungumzia wanawake. Akasema basi nimuulize mwanamke mmoja tu.

Yupi? Msimu huu wako ng'ambo ya mto, wanaamia ndege wasimalize mpunga. Apolonia, mke wangu, yuko huko juu ya dungu tangu Aprili, kwenye kile kibanda cha miti mirefu, na mimi nakula mihogo mikavu kama mfungwa. Yoramu akashangaa, si nimuulize huyo huyo? Nikamweleza taratibu. Apolonia si mwanamke wa gazetini. Apolonia ni mke wangu.

Alhamisi, 9 Mei

Nimewaandikia wanawake maneno ya kusema, wasihangaike kufikiri huku wana kazi. Maneno mazuri kweli. Sisi akina mama wa Kilombero tunaushukuru uongozi, na tunamshukuru mwandishi Marselino. Na kadhalika.

Tukavuka kivuko na baiskeli, mimi na Yoramu na kamera yake, tukaingia mashamba ya upande wa Lupiro, matope mpaka magotini. Apolonia yuko juu, anavuta kamba za makopo, anarusha madongo kwa fimbo, wale ndege wadogo, kwelea, wanaondoka kundi zima. Hata hakushuka. Aliniuliza kama nimeleta chumvi. Chumvi! Nimeleta hotuba.

Nikampa shikamoo Mama Dorotea, mjane wa shamba la jirani. Akaitikia marahaba, akaisoma karatasi yangu yote, akanirudishia. Mwanangu, akasema, haya ni maneno yako, yaseme wewe. Yeye ana ya kwake. Akaanza. Tunalima sisi, tunapanda sisi, tunakaa na ndege na mbu juani na mvuani, gunia likifika sokoni linakuwa la baba fulani. Apolonia akadakia kutoka juu kwamba mwaka jana magunia yake yaliuzwa yeye akiwa bado anapepeta, na akajua siku alipokuta redio mpya mezani. (Niliinunua kwa kazi ya gazeti, redio ile!)

Wakaendelea karibu saa nzima. Yoramu akawa ananikanyaga mguu niandike. Sikuandika. Yale ni malalamiko ya nyumbani. Mimi nilikwenda kutafuta habari!

Jumamosi, 11 Mei

Zimebaki siku nne. Nina hasira na wanawake wote.

Lakini leo naoga, wazo hilo! Mwanamke wa gazetini hapatikani, basi atatengenezwa. Jina lake Bi Agnella wa Lupiro. Miaka arobaini, mpole, mwenye busara. Ameshaongea kurasa tatu bila kunikatiza hata mara moja. Sijawahi kumhoji mwanamke mwelewa kiasi hiki.

Bado picha tu. Kesho Jumapili, Apolonia atatamani misa. Mimi nitamlindia shamba. Na kitenge chake cha bluu kiko hapa nyumbani.

Jumapili, 12 Mei

Sijui nianzie wapi.

Nilipomwambia Apolonia nenda misani, mke wangu, nitaamia mimi, alinishika paji la uso kuona kama nina homa. Akaenda, lakini anageukageuka njiani. Nikajifunga kitenge, nikapiga kilemba, nikapanda dunguni, mgongo kwa kamera. Yoramu akapiga picha mbili kutoka kwenye tuta. Safi! Kwa mgongo mimi ni mama wa watu kabisa.

Halafu kwelea wakaja. Nikarusha dongo, likaniangukia mwenyewe. Wakatua. Nikawasikia wanavyokula. Nikashika kamba zote nne nikavuta bila kupumzika, makopo yanalia shamba zima.

Hapo ndipo nilipoharibu. Kumbe huku ndege hufukuzwa kwa kuvuta mara mbili, unaacha, mara mbili, unaacha. Ukivuta mfululizo, maana yake kiboko ameingia shambani. Wamekubaliana hivyo miaka yote. Mimi ni mtu wa mjini, ningejuaje?

Wakaja. Wanawake wa mashamba yote, mapanga mikononi, Mama Dorotea mbele na mkuki. Waliokuwa wanarudi kutoka misani nao mbio, Apolonia na gauni la kanisani. Nikageuka ili nieleze. Nikaharibu mara ya pili, maana Yoramu alikuwa bado anapiga picha.

Mama Dorotea akanikaribisha kwa heshima zote, akauliza mimi ni mke wa nani. Walicheka, wengine wakakaa chini kwenye maji. Apolonia peke yake hakucheka. Alikuwa anautazama mpunga ulioliwa, pembe nzima ya shamba, mashuke yamebaki matupu. Nilijisikia vibaya, nakiri. Kisha Yoramu akamweleza kila kitu, naye akaomba zile karatasi za Bi Agnella nilizokuwa nazo mfukoni. Akazisoma, akazigeuza upande mweupe, akamuuliza Yoramu kama ana kalamu.

Jumatatu, 13 Mei

Bi Agnella nimemwandika upya na kumkabidhi kondakta wa basi, pamoja na picha aliyonipa Yoramu ndani ya bahasha iliyofungwa. Sikuifungua, nilikuwa na haraka. Kondakta akasema kuna bahasha nyingine ya gazeti hilo hilo imeletwa alfajiri, zitasafiri pamoja. Nikafurahi. Gazeti letu linapendwa!

Ijumaa, 24 Mei

Gazeti limefika. Ukurasa mzima! MPUNGA WETU, MAGUNIA YAO. Maneno ya Mama Dorotea, yale yale, hakuna lililopotea. Imeandikwa na Apolonia. Picha na Yoramu.

Bi Agnella hayumo. Kuna barua niliyoletewa, mistari miwili. Mama Justa anauliza kwa nini Bi Agnella ana ndevu. Na anaomba nirudishe kitambulisho, kwani uwakilishi umeshapata mtu, na mtu huyo tunakaa naye nyumba moja.

Nikasema niende zangu sokoni nikauze gunia la akiba, nipoze roho. Mnunuzi amekataa kulipima mpaka mwenye shamba aje. Nikamwambia mwenye shamba ndiye huyu anayemwona. Akanionyesha gazeti.

Nimerudi nyumbani nikalia. Ndiyo, nimelia. Kazi ile niliipenda.

Jumapili, 2 Juni

Naandika nikiwa juu ya dungu. Apolonia yuko Ifakara, amealikwa mkutano wa wakulima, ataandika habari. Ndege ni zamu yangu mpaka arudi.

Hapa mtu anapata muda wa kutafakari. Nimetafakari, na sasa nimeelewa nilipokosea. Ukurasa mzima ule, hakuna mwanamume hata mmoja aliyeulizwa! Hatuna wa kutusemea. Kwa hiyo naanzisha Chama cha Kutetea Sauti ya Wanaume Kilombero. Mwenyekiti, mimi. Msemaji, mimi. Yoramu atakuwa katibu akiniomba radhi. Uzinduzi ni Jumamosi, wageni hamsini.

Na mtu asiniambie habari za usawa, wanawake nao nimewapangia nafasi. Apolonia ataandika habari yetu, ukurasa wa kwanza, na akimaliza atasaidiana na Mama Dorotea kupika. Sijawaambia bado. Sioni kwa nini wakatae.